Tuwakumbuke na Wale Waliobeba

Wako wasomaji watakaotuuliza ni kwa nini watu wawili wenye akili zao, walio na nauli mfukoni na reli mbele ya macho, waamue kwenda Tabora kwa miguu huku wamejitwika mizigo mgongoni. Swali hilo tuliulizwa katika kila kijiji tulichopita, na mara nyingi tulilijibu kwa kicheko kwa sababu jibu hatukuwa nalo. Sasa malengelenge yamekauka na mabega yamesahau maumivu yake, twadhani jibu tunalo. Safu yetu ya leo tumeitenga kwa kulieleza.

Tulikuwa wawili. Mwenzetu ni Mnyamwezi wa Unyanyembe, mwalimu mstaafu, mtu mrefu mwenye mwendo usio na haraka lakini usio na kituo. Sisi ni wa pwani, Mzaramo kwa baba na kwa mama. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, kama ijulikanavyo, na kwa hiyo tangu tuliposhuka garimoshi katika stesheni ya Tura halikupita kati yetu neno la heshima isipokuwa kwa bahati mbaya. Tulikuwa tumekubaliana kuifuata njia ya misafara ya kale, kadiri inavyoweza kufuatwa leo, kutoka Tura, mahali ambapo misafara ya karne ya 19 ikitoka pwani ilihesabu kuwa imekwisha kuingia Unyamwezi, mpaka Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora. Tutakayoisimulia hapa ni siku ya mwisho ya safari hiyo.

Kwanza tuseme kwamba njia yenyewe haionekani kila mahali. Pengine ni barabara ya vumbi ambamo malori hupita, pengine ni ujia wa ng'ombe, pengine si kitu chochote ila kidole cha mzee anyoshaye mkono na kusema, "Walipita huku." Wapagazi hawakuichonga njia kwa majembe. Waliikanyaga tu, mmoja nyuma ya mwingine, mwaka hata mwaka, na walipoacha kuikanyaga nyasi zilirudi mahali pake.

Saa kumi ya alfajiri mtani wetu aligonga sufuria kwa kijiko. "Amka, Mzaramo," alisema, "baragumu limekwisha kulia, na kirangozi hamngoji mlalaji." Ulikuwa mwezi wa Agosti, na baridi ya Unyamwezi wakati huo si ya mzaha kwa mtu aliyezaliwa karibu na bahari. Tulikunywa uji wa moto tumesimama, tukakunja mikeka yetu, tukamshukuru mwenye nyumba aliyetupa ua wake wa kulala, tukaondoka nyota zikingali angani.

Kuondoka mapema hivyo hakukuwa ukali wa mtani wetu. Ndivyo misafara ilivyokwenda. Watu walianza mwendo kabla ya kucha, wakaenda mpaka jua lilipokaribia kuwa kali, kisha wakatua penye maji, wakajenga kambi na kupika. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa njia, na nyuma yake bendera, baragumu na ngoma, kisha mistari mirefu ya wachukuzi wakifuatana mmoja mmoja, kwa kuwa njia ilikuwa na upana wa mtu mmoja. Sisi nasi tulifuatana hivyo hivyo. Mtu aendaye mbele husema na hasikiwi. Aendaye nyuma husikia na hajibu. Baada ya saa moja mazungumzo huisha, na kila mtu hubaki na mzigo wake na mawazo yake.

Juu ya mzigo huo inafaa tuseme neno. Pale Tura tulipata mtu mwenye mizani ya kupimia asali, tukaomba tupimiwe. Mfuko wetu ulikuwa kilo 14, pamoja na maji, unga, blanketi na viatu vya akiba, na tuliona kwamba tumejitahidi sana. Mtani wetu alicheka mpaka akaketi chini. Frasila moja ya kale ni kama kilo 16, kwa hiyo fahari yetu yote haikufika hata frasila. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua frasila mbili au karibu ya hapo, yaani kilo 30 na zaidi, begani au kichwani, bila mikanda wala sifongo la kulinda mabega. Juu ya mzigo wa tajiri aliongeza mkeka wake mwenyewe, chungu chake, chakula chake na silaha yake. Akaenda hivyo siku nyingi kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, mwendo wa kilomita zipatazo 800, akapokea mzigo mwingine, akarudi.

Waswahili husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hiyo tuliijua tangu utoto wetu, lakini hatukuielewa mpaka asubuhi ile, saa moja baada ya jua kuchomoza, mkanda wa mfuko ulipoanza kutukata bega la kulia.

Msitu ulikuwa mzuri. Miyombo ilikwisha kupukutisha majani mengi, na mizinga ya nyuki ya magogo ilining'inia juu ya matawi, maana nchi hii ni nchi ya asali tangu kale. Ndorobo walitufuata sehemu moja ya njia wakituuma juu ya mashati. Tulipotoka msituni tulikutana na kijana akisukuma baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa, moja upande huu, moja upande huu, na la tatu juu ya kiti. Hakuwa ameipanda, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kukaa. Alikuwa ametoka usiku, naye alikuwa akienda Tabora kama sisi.

"Mwangaluka," mtani wetu alimsalimu, naye aliitikia bila kusimama, kwani baiskeli yenye mzigo kama ule ikisimama ni kazi kuiondosha tena. Tulifuatana naye kwa muda. Tulimwuliza kama mzigo si mzito. Alitutazama, akaitazama mifuko yetu, akasema kwamba mzito ni mzigo usio na mnunuzi. Kisha alituacha. Sisi wenye kilo 14 hatukuweza kumfuata mwenye magunia matatu.

Hapo ndipo mtani wetu alipoanza somo lake. Mwalimu hata akistaafu haachi. Alisema kwamba yule kijana ni mpagazi sawasawa na wale wa kale, na kwamba kosa letu sisi tusomao vitabu ni kudhani kwamba kila mtu aliyebeba mzigo katika njia hii alikuwa mtumwa. Tulibishana naye karibu maili mbili, na mwishoni tulilazimika kukubali kwamba anayo hoja. Twaomba msomaji aisikie.

Katika njia hii kulikuwa na mnyororo. Hilo hapana awezaye kulikana, wala halifai kufichwa. Watu waliokamatwa vitani au kuibwa walipitishwa hapa wakiwa wamefungwa shingo, wakaenda pwani, wakauzwa Unguja mpaka soko lile lilipofungwa mwaka 1873. Na hata baada ya hapo biashara hiyo iliendelea kwa siri. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walishiriki, na watemi wa bara nao walishiriki. Tusijidanganye kwamba waovu wote walitoka ng'ambo.

Lakini katika njia hiyo hiyo, tena kwa wingi mkubwa, walipita watu wasiokuwa na mnyororo. Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kufika pwani na pembe zao wenyewe mwanzoni mwa karne ya 19, kabla ya Waarabu kujenga maskani yao Tabora katika miaka ya 1850. Njia waliifungua wao kutoka bara kwenda baharini, wageni waliikuta. Kwao kuchukua mzigo mpaka pwani ilikuwa kazi ya mwanamume na shahada ya utu uzima. Kijana asiyeiona bahari alichekwa na wenzake, na hakuwa na neno la kusema mbele ya wasichana. Wengi waliondoka baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya mvua, kwa sababu shamba lilikuwa likiwangoja.

Watu hawa walifanya kazi kwa ujira. Walipatana bei kabla ya kuondoka, wakalipwa kwa nguo na baadaye kwa fedha. Mzigo ukizidi walikataa kuuinua. Posho ikipungua waliketi chini, na msafara mzima ukakaa nao, hata tajiri akipiga kelele namna gani. Wasafiri wa Ulaya walijaza vitabu vyao malalamiko juu ya ukaidi wa wapagazi. Leo tukiyasoma malalamiko hayo kwa jicho jingine twaona kwamba kilichoitwa ukaidi mara nyingi kilikuwa ni mgomo wa wafanyakazi, tena mgomo uliofaulu. Mwanahistoria Stephen Rockel aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kilichochapishwa mwaka 2006, na hoja yake kubwa ni hiyo: kwamba wapagazi wa njia ya kati walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao, heshima yao na ujuzi wao. Mpaka kati yao na utumwa haukuwa wazi siku zote, kwa maana wako waliotoka pwani ambao walikuwa watumwa wa watu na ujira wao waligawana na bwana zao. Hata hivyo kumwita kila mchukuzi mtumwa ni kumwibia mtu huru uhuru wake baada ya kufa kwake.

Saa tatu na nusu tulipumzika chini ya mwembe, ambapo mama mmoja alikuwa akiuza matobolwa na karanga. Tulikula kwa shukrani. Mama huyo aliuliza wake zetu wako wapi, na mtani wetu alimjibu kwamba Wazaramo hawaoi, huokota. Tulinyamaza, kwa kuwa deni la utani hulipwa kwa wakati wake. Lakini swali la mama yule lilikuwa na maana kuliko alivyodhani. Misafara ya kale haikuwa ya wanaume peke yao. Wanawake walifuatana na waume zao wakibeba vyungu, chakula na watoto, nao ndio waliopika kambini baada ya kutembea mwendo ule ule. Katika picha za vitabu vya zamani hawaonekani sana.

Tulipoinuka tuligundua kwamba kisigino chetu cha kushoto kimefanya lengelenge kubwa kama ukwaju. Tulilifunga kwa kitambaa tukaendelea kwa kuchechemea. Mtani wetu hakutuonea huruma hata kidogo mbele ya mama yule. Lakini tulipokwisha kupinda kona, bila ya kusema neno, alichukua chupa zetu mbili za maji akazitia katika mfuko wake mwenyewe. Tulijifanya hatukuona, naye alijifanya hakufanya.

Jua lilikuwa limepanda. Kwa desturi ya misafara huu ulikuwa wakati wa kutua, lakini mahali tulipotazamia maji tulikuta kisima kikavu. Basi tulilazimika kufanya ile ambayo wapagazi waliiita tirikeza, yaani mwendo wa alasiri, jua likiwa kali, kwa sababu ya kufuata maji. Neno hilo liliogopwa kambini. Liliogopwa zaidi upande wa mashariki ya Tura, katika pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambako siku nzima zilipita bila maji na walioanguka waliachwa. Tirikeza yetu ilikuwa ya saa tatu tu, tena tulikuwa na chupa nne za maji. Hata hivyo tulipata kujua jinsi mtu anavyoacha kutazama mbele, akatazama visigino vya mwenziwe tu, na kuamini kwamba visigino hivyo vinajua njia.

Katika mwendo huo ndipo tulipoyafikiri maneno. Tunatembea juu ya mgongo wa lugha yetu wenyewe bila kujua. Mtumba ulikuwa ni furushi la nguo lililofungwa kwa kipimo cha bega la mpagazi. Ndani yake mlikuwa na kaniki, na ile nguo nyeupe ya Marekani ambayo mpaka leo wazee huiita amerikani. Leo kijana anunuaye shati la mtumba katika soko la Tabora hajui kwamba neno hilo lilifika hapo begani kwa mtu. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi, au kipande cha nguo na shanga za kununulia chakula hicho; leo wakubwa huigawana katika vikao, wala hakuna hata mmoja wao aliyebeba kitu. Na hongo ilikuwa ushuru uliotozwa waziwazi na watemi wa njiani, hasa katika nchi ya Ugogo, kwa ajili ya maji na ruhusa ya kupita. Mgogo aliyeitoza aliitoza mchana, mbele ya watu wote. Siku hizi neno lile lile hufanya kazi yake gizani. Tumewarithi wapagazi maneno yao, lakini si kila neno tumelitunza kwa heshima.

Utani nao ni urithi wa njia hii. Wazee na wataalamu wa mila wameeleza kwamba utani wa Wanyamwezi na makabila ya njiani mpaka pwani ulikua na misafara. Mtu aliyekwenda miezi mitatu mbali na kwao alihitaji ndugu asiyezaliwa naye: wa kumpa moto, wa kumpa maji, wa kumcheka akikata tamaa. Na jambo kubwa kuliko yote, akifa huko ugenini, alihitaji mtu wa kumzika. Ndiyo maana mpaka leo mtani huonekana msibani akifanya mzaha huku ameshika jembe la kaburi.

Tulifika Kwihara saa kumi na moja jioni. Kituo hiki kinajulikana na wageni wa mbali. Hapa ipo nyumba ya tembe, iliyojengwa upya na kufanywa makumbusho, kwa ukumbusho wa Dkt. Livingstone na Henry Stanley, waliofika hapa pamoja mwezi wa Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka mwezi wa Machi kwenda pwani. Livingstone alibaki akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea, na walipofika aliondoka nao tarehe 25 Agosti 1872, asirudi tena akiwa hai. Hatukuingia ndani jioni ile. Tulivua viatu, tukaketi nje tukiegemea mifuko yetu.

Nyumba hiyo yastahili kutunzwa. Lakini tulipokuwa tumeketi pale tulikumbuka kisa kingine cha Unyanyembe, ambacho kwa maoni yetu ni kikubwa kuliko cha wageni wale wawili. Livingstone alipofariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, walioamua nini kifanyike ni watu wake: Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao wapatao 60. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba. Mwezi wa Oktoba mwaka huo walifika hapa Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron wa Uingereza. Cameron aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Wapagazi walimkatalia ofisa, wakaendelea na safari.

Huko mbele, njiani kwenda pwani, walisikia kwamba watu wa vijiji hawataki maiti ipite katika nchi yao. Basi walieneza habari kwamba mwili unarudishwa Unyanyembe kuzikwa, nao wenyewe wakaufunga upya kwa umbo la mtumba wa nguo, mzigo kama mizigo mingine yote. Kwa hila hiyo walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, baada ya miezi tisa na kilomita zaidi ya 1,500. Mwezi wa Aprili mwili ulizikwa London kwa taadhima kuu. Kati ya wale waliotoka nao Chitambo, mmoja tu, Jacob Wainwright, ndiye aliyekuwapo mazikoni.

Tulipomaliza kukumbushana kisa hicho mtani wetu alikaa kimya muda mrefu. Kisha alisema jambo ambalo hakuwa amelitaja siku zote tulizotembea. Alisema kwamba babu wa babu yake aliondoka Unyanyembe na pembe za tajiri mmoja kwenda pwani, na hakurudi. Wenzake waliporudi walisema kwamba aliugua karibu na mwisho wa njia, katika nchi ya Wazaramo, akaachwa kwa watani. Nyumbani waliomboleza bila kaburi. Mpaka leo ukoo wao hutaja jina lake, na mahali alipolala hawapajui.

"Nadhani ni ninyi mliomzika," alituambia. "Ndiyo maana nimekuvumilia siku zote hizi, Mzaramo."

Hatukupata la kumjibu. Tulimwambia tu kwamba kama ni sisi, basi hatukumwibia mkeka wake. Naye alicheka, na giza likaingia.

Sasa twarudi kwenye swali la mwanzo. Tulikwenda kwa miguu kwa sababu ziko hesabu ambazo haziwezi kufanywa kwa kalamu. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya siku zile, tarehe 7 Novemba 1857, safari yao kutoka pwani ilikuwa imechukua siku 134. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ya wapagazi wa njia hii ilikwisha. Ilirudi kwa namna ya kikatili zaidi katika vita ya 1914 mpaka 1918, pale maelfu kwa maelfu ya watu wetu walipobebeshwa mizigo ya majeshi ya Wazungu na kufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo katika mji wa Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wachukuzi. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma kwa muda wa saa chache. Twafurahia maendeleo hayo, na hakuna mwenye akili atakayetaka kurudisha frasila mbili juu ya bega la mtu. Lakini reli zote hizo mbili zinaelekea kule kule ambako miguu ya wapagazi ilielekea kwanza.

Mwaka 2006 nchi yetu iliiorodhesha njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, pamoja na vituo vyake sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina hilo ni la kweli, na hatuombi lifutwe. Machozi yaliyomwagika humo hayana budi kutajwa. Tunachoomba ni kwamba jina hilo lisiwe neno la mwisho. Mtoto wa Tabora anayefundishwa kwamba njia ya babu zake ilikuwa ya biashara ya watumwa tu, atainamisha kichwa. Afundishwe pia kwamba babu zake waliifungua njia hiyo, walipatana ujira wao, waligoma walipodhulumiwa, na walitunza ahadi walipoahidi. Yote mawili ni kweli, na mtoto anaweza kuyachukua yote mawili.

Wala jambo hili halihitaji fedha nyingi. Katika njia yote tuliyoipita siku ile hatukuona jiwe hata moja lenye neno juu ya mpagazi. Vijiji vyaweza kuweka mawe, kila kimoja penye kambi yake ya zamani, madamu wapo wazee wanaozijua. Walimu wanaweza kuwachukua wanafunzi wao siku moja, wakaenda kituo kimoja kwa miguu, na kila mtoto akapewa nafasi ya kuinua frasila mbili, hata kama ni kuinua tu na kuziweka chini. Koo ambazo bado zinataja majina ya waliokwenda pwani wasirudi zayaandike majina hayo, kabla ya wanaoyajua kuondoka. Na sisi wa pwani tuwaulize wazee wetu kama wanazijua sehemu walipozikwa wageni wa kutoka bara.

Kwa upande wetu, kazi hiyo tumekwisha kuianza. Mtani wetu ametuandikia jina la babu wa babu yake katika kipande cha karatasi, nasi tumerudi nalo Uzaramo. Tutaulizia kijiji kwa kijiji. Huenda tusipate kitu, maana ni miaka mingi imepita. Lakini ni mzigo mwepesi, hautafika hata robo ya frasila, nasi tumepatana kuubeba.